Kopo la Safari ya Siku Mbili

Fosia mjukuu wangu, mbuzi wameshakunywa maji, na maziwa nimeyafunika. ~~Kopo la nyirinyiri msiliguse.~~ Kuleni tu.

Nilikaanga hiyo nyirinyiri, nyama ya kunitosha siku mbili barabarani, nikasahau tikiti uliyoninunulia ni ya ndege. Asubuhi kaka yako Mahat akanicheka: "Ayeeyo, Wajir mpaka Nairobi ni saa moja na kidogo! Kabla hujafungua kopo, umefika."

Dada yangu Qali anaingia kupasuliwa hospitalini Nairobi leo saa nane. Kwa basi ningemkosa. Sasa nitamshika mkono kabla hajalazwa usingizi. Allah akulipe, mama.

Nimechota kikombe kimoja cha nyirinyiri. Ni cha Qali, atakula akiamka.

Ayeeyo wako