Kampuni ya Nne na Chumba cha Mama Mkwe

Mama Felisita mpendwa, shikamoo, nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, unisaidie na jina langu ulifiche, maana Bariadi tunajuana.

Mimi ni karani wa ushirika wa pamba, kwetu Dutwa, nina mke ambaye ni nesi, tumwite Georgina ingawa si jina lake, anasoma digrii kwa mtandao, na tangu tujaliwe mtoto mama yake amekuja kutoka Kimali kutusaidia kulea, na balaa lilianzia hapo, si kwa mama, Mungu anisamehe, mama ni mtu mwema, bali kwa intaneti, kwa sababu nyumba yetu inashika mtandao dirisha moja tu, lile linalotazama mnara, na dirisha hilo liko chumba alichopewa mama mkwe, kwa hiyo mashine ya intaneti iko humo, na wewe ni Msukuma mwenzangu, unajua, chumba cha mkwe siingii, hata tukikutana uani mmoja wetu hugeukia ukutani.

Kampuni ya kwanza ilianza vizuri, baada ya wiki ikawa inaganda, nikapiga simu huduma kwa wateja, binti akaniuliza, "Kaka, umeizima ukaiwasha?" nami nikajibu ndiyo, wakati sijui hata imekaa upande gani, ningefanyaje, nimweleze mtoto wa watu kwamba mashine iko kwa mkwe? Georgina alikuwa zamu, kumwomba mama mwenyewe siwezi, siku moja nikajikaza nikauambia ukuta wa nje kwa sauti, "Laiti mtu angekizima hicho kitu," mama akazima redio.

Basi nikahamia kampuni ya pili, fundi wao, kijana wa Moshi anaitwa Bryson, akaingia chumbani bila wasiwasi wowote, nikamsikia mama akimwambia, "Karibu ukae, ng'wana wane, mwanangu," akapewa michembe ya viazi na karanga, akatoka anacheka eti mashine ya zamani ameikuta imefunikwa kitenge, mama anadai taa zake zinamkodolea macho, mimi nikaona ni usafi tu, anakinga vumbi. Mtandao ukakimbia wiki moja, ukaganda. Kampuni ya tatu vilevile. Nimejifunza kwamba kampuni zote ni nzuri siku ya fundi.

Kilichoniumiza ni mwezi uliopita, Georgina yuko sebuleni katikati ya mtihani, kamera inamtazama, haruhusiwi kuinuka, mtandao ukaganda, akapiga kelele, "Baba, kaizime uiwashe!" mama alikuwa kwa jirani na mtoto, chumba kitupu kabisa, nikafika mlangoni, nikashika kitasa, miguu ikakataa. Nikarudi nikamwambia, "Kampuni imezingua." Mtihani ukafungwa, akalia, nami nikaitukana kampuni pamoja naye. Alhamisi ijayo anaurudia, akikosa anasubiri mwaka mzima. Sasa nishauri, nihamie faiba, ambayo mtaani kwetu haijafika, au ile ya dishi juu ya bati? Ipi haigandi?

Mkwe Mwenye Adabu, Bariadi

MAMA FELISITA ANAJIBU

Marahaba, na pole. Nimeanza na pole kwa sababu nikishaanza kusema haitapata nafasi.

Hakuna kampuni isiyoganda ikifunikwa kitenge. Mashine ile inatoa joto na inataka hewa. Pamba mbichi ikirundikwa ghalani inafanyaje, wewe karani? Bryson alikupa jibu akiwa na michembe mdomoni, wewe ukaenda kutafuta kampuni nyingine. Dishi ni zuri, na mashine yake ungeweza kuiweka hata sebuleni. Siku ukijaliwa, nunua. Lakini kosa lako haliko juu ya bati.

Adabu ya ukweni naijua. Waume wa binti zangu wakiniona sokoni wanaingia duka lolote lililo karibu. Mmoja juzi kaingia saluni ya kike, akakaa. Sikucheki kwa kumheshimu mama. Nakugombeza kwa kuigeuza heshima yake kuwa pazia la uongo wako. Mila ilikukataza kuingia chumbani. Ilikukataza lini kumwambia mkeo ukweli? Yeye ni mwanawe, anaingia humo saa yoyote.

Tena huyo mama umemdharau huku ukidhani unamheshimu. Ameacha mifugo yake Kimali ili binti yake asome. Angejua kwamba kitenge chake kinamkwamisha, unadhani angekitandika hata siku moja? Shida ya nyumba yako wanaijua watu wa kampuni tatu, sasa naijua mimi na wasomaji wa mkoa mzima. Anayelala na mashine ndiye hajaambiwa!

Fanya hivi. Usihame kampuni. Georgina amwombe mama aiache mashine wazi, taa zielekezwe ukutani. Alhamisi mama akae humo chumbani, aonyeshwe swichi mapema. Mwanamke aliyewahi kuzalisha ng'ombe hashindwi na kidude hicho. Wewe mbebe mtoto, utokomee naye hadi mtihani uishe. Na huduma kwa wateja wakikuuliza tena kama umezima ukawasha, wajibu hapana, watu wa Mungu wafanye kazi yao.

Lakini kabla ya yote, mwambie mkeo ni nani aliyemkosesha ule mtihani. Aliinua sauti akikuita wewe, si kampuni. Atakasirika, na ana haki. Kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila karani wa pamba mwenye mke nesi, mkwe kutoka Kimali na kampuni tatu za intaneti, hapo Bariadi ni mmoja tu. Kama umelisoma gazeti hili kabla yake, una bahati: manesi hulisoma saa ya chai. Inuka sasa hivi, nenda ukamwambie.