Mitandio ya Bamia

Chumba cha Mwisho Uani,
Nyuma ya Mashine ya Kusaga.
Jumamosi, jua linaanza kupoa.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla sijakuamkia, nisamehe hiyo nyota ya bluu iliyokaa juu ya jina lako. Si mimi. Kalamu ilidondoka, nikainama kuitafuta chini ya meza, na nilipoinuka nikakuta karatasi imeshapigwa mhuri na mwenye mhuri ameshakimbia. Nilipomwita mwanangu Sisimizi alichungulia kwenye pazia, kidole mdomoni, kidole cha bluu na mdomo wa bluu. Nikamuuliza nani kamchafulia bibi barua. Akasema ni bamia. Na hajadanganya, Mama Mdogo, ni bamia kweli. Nimefikiria kuchukua karatasi nyingine, nikaona hapana, acha iende hivyohivyo, maana habari yote niliyotaka kukupa iko ndani ya hiyo nyota.

Shikamoo sana. Goti lako linasemaje na hiyo baridi ya huko? Ile dawa ya kuchua uliyoniandikia, inasaidia au inanuka tu? Na yule mzee unayemlea, ameshaanza kula kwa amani au bado anakurushia kijiko? Nilimsomea baba Sisimizi kile kisa cha kijiko, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Sisi hatujambo. Sisimizi alishikwa na homa, ikamkaa, ikamwondolea mashavu yote, lakini sasa imekwisha na mashavu yamerudi na maneno yameongezeka. Baba yake kazi anayo, wanapaka rangi jengo refu, anarudi nyumbani ana nywele nyeupe kama mzee, mwanawe anamkimbia. Mimi mzima, tena leo nina furaha na woga vimechanganyika, sijui nikae au nisimame. Ndiyo maana nimeamua nikuandikie, mikono ipate kazi.

Sasa nianze na mbegu zako. Unakumbuka ulipokuja kuniaga ulinifungia mbegu za bamia kwenye pembe ya leso, ukaniambia mikono yangu isikae bure? Ziliota. Uani kwetu kuna kona kati ya bomba na ukuta, watu walikuwa wanatupa viti vilivyovunjika na matambara. Niliisafisha, nikapanga makopo matupu ya rangi ya baba Sisimizi, nikayatoboa chini, nikatia udongo. Watu walinipita na ndoo zao wakiuliza kama nafungua duka la makopo. Lakini bamia zilipochanua yale maua ya manjano yenye moyo mweusi, kila aliyekuja kuteka maji alisimama kidogo. Mimi nilikuwa naamka asubuhi naenda kuyatazama kwanza, kabla hata sijanawa uso.

Ndipo mtoto akaugua. Nilijifungia naye ndani, kazi yangu ikawa kumkanda na kumbembeleza, sikukumbuka bamia wala makopo. Nilipotoka nilizikuta zimekomaa zote, ndefu kama vidole vya jitu, ngumu, ukigonga moja kwenye ukingo wa bomba inalia ko. Nilitaka kulia, si kwa ajili ya mboga, ila niliona hata mbegu zako zimenishinda.

Na nani akanikuta hapo? Pasi. Huyo hujawahi kumwona. Ni jirani yetu wa mlango wa pili kutoka barabarani, anafua na kupiga pasi nguo za watu, na jina limetoka huko, ingawa wengine wanasema ni kwa sababu ukimgusa unaungua. Alizitazama bamia zangu, akanitazama mimi, akasema, "Na hizi sasa utampikia nani, seremala?"

Uani wote walicheka. Nami nilicheka, utafanyaje.

Nilikwenda kuketi mlangoni na kisu, nikakata moja angalau nitoe mbegu za kupanda tena. Kisu kilisaga kama kinakata kijiti. Ilipokatika, Mama Mdogo, ndani mlikuwa na nyota. Nyota ina vyumba vyake vitano, kila chumba na mbegu yake imekaa katikati, kuta zimenyooka kabisa. Nimekula bamia tangu nina meno ya utoto na sikuwahi kuiona, maana ile changa ukiikata unaona utelezi tu na unaiwahisha sufuriani. Nilikuwa bado naikodolea macho, Sisimizi akaokota kile kipande kingine, akakichovya kwenye kifuniko cha rangi alichoacha baba yake, akajipiga mhuri tumboni. Kisha mlangoni. Kisha kwenye shavu langu.

Nilipaswa kumgombeza. Badala yake nilimwomba anikopeshe bamia yake.

Tulipiga mihuri mpaka ukuta wa chini wa chumba ukajaa nyota, kutoka mlangoni hadi kitandani. Nilijaribu na bamia changa niliyopewa na jirani, ikatoa maji, rangi ikatambaa, nyota ikawa doa. Inayofaa ni iliyokomaa peke yake, ile iliyotelekezwa. Nilijaribu jani la boga, nalo likaacha mishipa yake yote kama mkono wa bibi. Tangu siku ile sipiti mahali bila kugeuza kitu nikitazame kwa ndani. Sokoni wananiona nimepotewa na akili, nakwangua kisiki cha kabichi na kukitazama kama kioo.

Baba Sisimizi aliporudi akakuta ukuta, aliupitishia kiganja, kisha akauliza ni rangi ya nani imetumika. Nikamwambia ya bosi wake. Akasema basi ni nzuri. Ni yeye aliyenieleza kwamba rangi ya ukuta ikipakwa kwenye nguo itapasuka kama tope, akaenda kuulizia dukani wanakonunulia, akaniletea kopo la rangi ya vitambaa, bluu. Nikaanza kwenye vipande vya shuka nyeupe.

Sasa nije kwenye kwaya, na hapa ndipo moyo unapoanza kunienda mbio.

Chumba kinachopakana na chetu anakaa msusi, na huyo ndiye mwalimu wa kwaya ya mtaa. Siku zote anasuka nywele, ikifika jioni anasuka sauti, ndivyo anavyosema mwenyewe. Wanaimbia chumbani kwake, na ukuta wetu mwembamba, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakuombea afya. Zamani nilikuwa nawaona wananiamshia mtoto tu. Lakini siku moja nilikuwa nimetandika kitambaa sakafuni napiga nyota zangu, wao wakaanza, na mkono wangu ukawafuata bila kuniuliza. Wakiimba wimbo wa polepole, nyota zinakaa mbali mbali. Wakichangamka zinabanana. Msusi akiwakatiza kwa kugonga kitana mezani, nami nasimama, mkono juu, nikisubiri. Wakirudia, narudia. Walipomaliza, kitambaa kilikuwa kimejaa, nami nilikuwa na jasho kama niliyecheza.

Nilikianika kwenye kamba. Mistari haikunyooka, niliiona. Ilikuwa inapanda na kushuka, penye kukatika pana pengo jeupe. Nikasema si kitu, ni kitambaa cha majaribio.

Kesho yake Msusi alikuja kuanika taulo zake, akasimama mbele ya kile kitambaa. Akaanza kuvuma, midomo imefumba. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akawa anakitembeza nyota kwa nyota huku anavuma, nikaujua wimbo. Alipofika kwenye pengo akanyamaza. Akageuka akaniambia, "Hapa ndipo nilipowagombeza sauti ya pili."

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Na hapa wakakosea tena."

Ndiyo, Mwalimu.

Mama Mdogo, nilihisi nywele zimenisimama. Mimi niliyekomea darasa la sita, niliyekuwa nachapwa kwa kujaza maua pembeni mwa daftari la hesabu, kuna mtu amesimama anasoma nilichoandika, tena bila herufi hata moja.

Basi zahanati mpya ya mtaa iko karibu kufunguliwa na kwaya imealikwa iimbe. Walikuwa wameshakubaliana watajitanda mitandio myeupe mitupu ya dukani. Msusi akawaambia kuna mitandio ya aina nyingine, na inatoka chumba cha jirani. Wengi walikipenda kile kitambaa papo hapo, wakawa wanagombania kutafuta wimbo uko wapi. Pasi, ambaye naye anaimba humo, alikataa. Alisema mistari imelewa. Alisema watu wakiwaona wamevaa vitu vilivyopinda watafikiri na sauti zao zimepinda, na kwamba yeye hakupiga pasi maisha yake yote ili mwishoni avalishwe na mtoto anayejiita Sisimizi.

Na kwao kuna desturi, kitu kinavaliwa na wote au hakivaliwi. Mmoja akikataa, basi, wanarudi kwenye mitandio myeupe mitupu, na hakuna kununiana. Kwa hiyo kila kitu kimebaki mikononi mwa Pasi.

Sitaki kumsema vibaya. Alichukua kipande changu akaenda nacho kwake, nikajua kimekwenda kuwa tambara la kushikia pasi. Kumbe alikifua kwa sabuni ya magadi ile kali, akakisugua kwenye jiwe, akakipiga pasi ya moto. Akanirudishia kimekunjwa vizuri kuliko nguo yangu yoyote. Rangi haikusogea. Alinikabidhi tu akaenda zake.

Baba Sisimizi aliponiona sina raha alisema, "Nikupigie uzi?" Yeye akitaka mstari unyooke ukutani anavuta uzi wenye chaki. Tulifanya. Tulivuta uzi, nikapiga mtandio mzima kwa kufuata chaki, nyota moja nyuma ya nyingine kama watoto wa shule. Ulinyooka kweli. Tukautazama wote wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ulikuwa kama sakafu ya vigae. Sisimizi ndiye aliyesema. Alilala juu yake, akasikiliza kwa sikio, akasema, "Haimbi."

Nikawa na mitandio miwili, ulionyooka, na ulioimba, yaani kile kitambaa alichokirudisha Pasi. Ulionyooka ungempendeza Pasi, ningekuwa nimemaliza. Leo mchana Msusi alipokuja kuchukua mmoja wa kuwaonyesha ili waamue leo, mkono ulienda kwenye ule wa uzi, kweli ulienda. Kisha nikampa ule mwingine. Sitakuficha, Mama Mdogo, nataka mtandio ule uvaliwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa kusifiwa. Nataka siku moja kitu kilichotoka kwenye mikono hii kitoke nje ya mlango huu na kitembee barabarani, na Sisimizi akione.

Wako ndani sasa hivi, nawasikia. Wameimba wa polepole, wakaimba ule wa kuchangamka, na sasa wamenyamaza. Wanaongea, wote kwa pamoja, sishiki neno. Baba Sisimizi anajifanya anasafisha brashi lakini brashi ileile anaisafisha tangu nimeanza ukurasa huu.

Afadhali nimalizie salamu kabla sijaharibu barua. Nisalimie Mjomba Kimya ukimpigia simu, mwambie na safari hii aongee. Nisalimie yule dada wa duka la mikate mnayepanga naye, umwambie nimeshaota ndoto ya mikate yake bila kuionja. Na mzee wako mpe pole ya uzee, na mfiche kijiko. Babu yake Sisimizi anakusalimu, na shangazi pia, anauliza kama huko kuna viatu vya miguu mipana. Mungu akupe goti jipya, na kama mapya yameisha basi alitie nguvu hilo la zamani, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa kujidai. Ukija utaketi mlangoni hapa na nitakuonyesha ndani ya bamia. Mbegu nimekuwekea, ziko kwenye leso ileile, pembe ileile.

Wamenyamaza tena. Kitana kimegonga meza. Sasa wanaimba, ule wa kuchangamka, lakini wamefika pale penye pengo na wamenyamaza wote kwa makusudi, halafu wakacheka, halafu wakaendelea. Mama Mdogo, wanaimba kwa kuufuata mtandio. Wanausoma.

Mlango wao umefunguka. Mimi ni wako nikupendaye, mwanao wa

Subiri, naitwa. Ni sauti ya Pasi, anagomba uani, anasema nitoke na bamia zangu zote na lile kopo, amevua kitambaa chake cha kichwa amekitandaza juu ya meza yake ya pasi, na hataki nikisogeze hata kidogo, ananiambia mstari wa kwanza uanzie pale pale kwenye