Hodi Kwenye Mkataba

Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Nimeanza. Wenseslaus, mwenzangu wa ofisini, kanicheka asubuhi, akaniuliza kama nimeota kwamba mimi ni mhandisi. Nikamwambia ndiyo, na kwenye ndoto yeye alikuwa ananibebea nyaya.

Shida yenyewe ni hii. Kikundi chetu cha kahawa kina nyumba mbili kwenye intaneti, na hazina mlango kati yake. Moja ni rejista ya wateja – nani kaonja sampuli, nani kaahidi nini. Nyingine ni ya hati za pamoja, ambako mkataba mmoja unafunguliwa na watu wengi, kila mmoja akiwa kwake, na wote wanaandika humo humo. Msimu uliopita mimi na Wenseslaus tulihangaika kati ya hizo mbili mpaka tukampelekea Mjapani bei ya Mswidi. Mjapani hajatuandikia tena.

Amebaki Mswidi, Lindqvist. Kasema wazi: Ijumaa ya tarehe 17, saa kumi jioni, rejista impeleke moja kwa moja kwenye mkataba wake, na mwenyekiti wetu awe ameshaukubali. La sivyo ananunua kwingine.

Basi nitaziunga. Ofisi nzima ni mimi na Wenseslaus, na Wenseslaus anaogopa hata printa.

Jumanne, 7 Oktoba

Haijakubali. Herufi moja nimekosea, siku nzima imekwenda. Siachi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilipanda kijijini kwetu Mwika kumwona Baba. Nimemkuta ananoa shoka. Hakuna kuni za kukata pale, kwa hiyo nikajua.

Alinikumbusha, kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali wake: wewe Elisifa ndiye uliyetuzuia tusiwauzie wanunuzi wanaopita na mizani yao. Tumekusikiliza. Kahawa imelala ghalani. Mswidi wako asipoeleweka Ijumaa hiyo, Jumamosi nang'oa mibuni yote, napanda nyanya.

Mistari ya chini ya kihamba, shamba letu la nyumbani, aliipanda Mama mwaka niliozaliwa. Amezikwa pembeni yake. Baba anajua hilo kuliko mimi, ndiyo maana hakuniangalia alipokuwa anasema.

Nilijaribu kumweleza kazi yangu. Nikasema ni kama kuunga mifereji miwili, unafungulia huku, maji yanatokea kule. Akauliza mlinzi wa mfereji ni nani. Nikasema mimi. Akasema basi usilale.

Nimelia wakati wa kushuka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu machozi hayaungi chochote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imeungana!

Nabonyeza jina la Lindqvist kwenye rejista – mkataba wake huo chini yake. Nabonyeza tena – upo. Nimeufundisha mfumo utambue kila mkataba kwa mstari wake wa kwanza. Mstari wa kwanza ukisema Lindqvist, basi ni wa Lindqvist. Rahisi kama kusoma bango la duka. Wenseslaus kaninunulia soda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwika tena, kwenye kompyuta ya ofisi ya usharika wa kanisa, kumfundisha mwenyekiti wetu, Mzee Eliezeri. Shikamoo zangu kazipokea zote, pamoja na za Wenseslaus ambaye hakuzituma. Mzee huyu kwa adabu hana mchezo. Mwaka jana alimtoa mtu mkutanoni kwa kuingia na kofia.

Anaandika kwa kidole kimoja. Akauliza: humu ndani kuna watu wengine? Nikamwambia ndiyo, aliyefungua mkataba utaliona jina lake pale juu, kwa rangi. Akatikisa kichwa, akasema kumbe ni nyumba ya watu. Nikasema naam Mzee, ni nyumba. Mawazo yangu yalikuwa kwenye gari la kurudi.

Tumekubaliana: atausoma taratibu peke yake, akiridhika ataandika chini kabisa, "Nimekubali."

Jumatano, 15 Oktoba

Nimetoka kidogo kula mtori, ile supu nzito ya ndizi, nimerudi mkataba haupo. Nabonyeza jina la Lindqvist, chini yake peupe. Nimekagua nywila, nimebomoa, nimeunga upya – peupe! Wenseslaus anasema labda intaneti imechoka. Nimemwomba atoke nje.

Naogopa. Naliandika hapa ili nisiliseme mbele ya mtu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeuona. Ulikuwepo wakati wote, salama, kule kwenye nyumba ya hati. Ila juu kabisa, juu ya jina la Lindqvist, kuna mistari mitatu mipya:

Hodi.
Hodi.
Hodi.

Mfumo unatafuta Lindqvist mstari wa kwanza, unakutana na Hodi. Haumjui mteja anayeitwa Hodi. Nimecheka mpaka Wenseslaus akaniletea maji. Kisha nimeacha mambo ya mstari wa kwanza, mkataba sasa unatambulika kwa namba yake. Hata Mzee akiandika wimbo wa kwaya hapo juu, hautapotea tena.

Nikateremka mpaka chini kabisa kutafuta "Nimekubali." Haipo.

Nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, nikamwomba kwa heshima asiandike pale juu. Akasema jana alikuja. Aliona jina langu ndani, kwa hiyo nilikuwepo. Akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena. Mara ya tatu sikuitikia, naye si mtu wa kuingia nyumba ya watu kwa nguvu, akarudi zake. Hodi ya nne hapigi.

Nilikuwa nakula mtori! Jina langu limebaki limekaa pale kwa rangi yake, jeuri kabisa, halimjibu mtu mzima.

Nimeomba radhi. Akasema amesikia. Kusikia si kukubali.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi nimeandika chini ya kila hodi. Karibu. Karibu Mzee. Karibu ndani, shikamoo. Sijafuta hata moja ya zake. Simu yake haipokelewi.

Baba kaja mjini bila kuniambia. Kavaa koti la kanisani. Kasema amekuja kuona mwisho wake kwa macho. Nikamwonyesha zile hodi na zile karibu. Kazisoma mara mbili. Kisha katoa simu yake mwenyewe, sikumwomba, akampigia Mzee Eliezeri, naye kapokea. Kwa Kichagga, maneno machache: umeitikiwa, kaangalie. Akakata. Hakuniambia kajibiwa nini.

Saa tisa imepita. Naandika huku naangalia kioo cha kompyuta.

Lindqvist ameingia kupitia rejista, njia ile ile niliyoijenga. Jina lake ni la kijani. Ametulia, anangoja.

Sasa jina la tatu, jekundu. Eliezeri.

Nilitaka kumwandikia. Baba kanishika mkono: mwache mtu mzima akae kwanza.

Herufi zinakuja moja moja, kwa kile kidole. Hakuandika asante. Ameandika: "Aika mae." Wenseslaus, ambaye Kichagga chote anakijua, kanitafsiria, "Asante mama," kana kwamba mimi nimetoka Mtwara.

Halafu tena, taratibu: "Huyo mwingine humo ndani ni nani? Mbona hasalimii?"

Nimemwandikia Lindqvist ujumbe pembeni. Neno moja, na jinsi ya kuliandika. Imebaki robo saa, na "Nimekubali" bado haijaandikwa. Baba kavuta kiti karibu na kioo, miwani kaishika kwa mkono.

Alama ya kijani imepanda mpaka juu kabisa, chini ya hodi. Inasita.

S.

H.

I