Mguu Wangu Umepona Ndani ya Buti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini nakuambia mapema, ili tusije tukakosana katikati ya barua, kwamba siulizi kama niende au nisiende, kwa sababu kwenda nitakwenda, hata mume wangu akiziba mlango kwa magunia ya viazi nitatokea dirishani. Ninachouliza nitakifikia. Nivumilie kwanza nijieleze, maana mimi ni mkulima, na huku kwetu Kutchan, kaskazini mwa Japani, wakati wa baridi mkulima hana kazi ila kusukuma theluji na kuongea.

Nina miaka hamsini na nne. Nimeskii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili miguuni, tangu darasa la kwanza, na tangu nipate akili, yaani tangu miaka ya ishirini na kitu, niliachana kabisa na ile miteremko iliyolainishwa kwa mashine, naingia msituni kwenye theluji ya unga, ile inayoshuka bila upepo mpaka asubuhi inakufika kiunoni lakini huisikii uzito, unateremka kama vile mlima umekuachia, na kila ukipinda inakurukia usoni mpaka unacheka peke yako kama mwehu. Watu wanapanda ndege kutoka Australia kuifuata. Mimi naifuata kwa kigari cha kubebea viazi. Miezi saba ya mwaka nainamia matuta, miezi mitano iliyobaki ni yangu, na hilo nilimwambia Kiyoharu, mume wangu, kabla hatujaoana, akakubali mbele ya mama yake.

Sasa Septemba iliyopita nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia, na najua unadhani ni mlimani. Hapana, mshauri. Nilikuwa nashuka kwenye mashine ya kuvunia, vidato viwili tu, nikakanyaga kiazi. Kimoja. Wala hakikuwa kikubwa. Miaka thelathini napita kati ya miti kwa kasi, halafu naangushwa na kitu ninachokikaanga! Nikawekewa kipande cha chuma na skrubu sita, nikatembea kwa magongo mpaka kwapa zikaota sugu, majirani wakaja kunipa pole na zawadi mkononi, na nusu yao walileta viazi.

Desemba daktari akaniruhusu kutembea bila magongo, lakini nilipomuuliza habari ya skii akasema, "Tutaangalia mwishoni mwa Februari," nami nikajibu "Ndiyo, daktari" kama mtoto mwema. Mwishoni mwa Februari! Theluji tamu ya huku ni ya Januari, Februari ikiisha jua linaanza kuipika inakuwa uji. Na kutembea kwenyewe, sikufichi, asubuhi mguu unachoma, ngazi nashuka kwa ubavu kama kaa, na jioni kifundo kinavimba.

Ndipo siku moja mwanzoni mwa mwezi huu nikaingia ghalani, nikayaona mabuti yangu ya skii, nikasema ngoja nijaribu tu kama mguu unaingia. Ukaingia. Nikabana vifungo vyote vinne, nikasimama, na maumivu yakakatika. Yote! Nikazunguka ghala mara tatu sisikii kitu, nikaingia nayo ndani, nikapika supu ya miso nikiwa nayo miguuni, kwa, kwa, kwa, sakafu nzima.

"Mama Chinatsu," Kiyoharu akaita kutoka kwenye jiko la mafuta, "mbona kuna farasi jikoni?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Farasi angevua viatu mlangoni."

Tangu siku hiyo navaa mabuti kila siku, napiga deki nayo, napika nayo, hata tofu nimekwenda kununua nikiwa nayo, na mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kwa lifti ya mlimani. Acha acheke. Mimi nilijua nimepona.

Wiki iliyopita nikazitafuta skii zangu sikuziona. Nimezunguka nyumba nzima, mwisho nimezikuta ndani ya stoo ya viazi, nyuma ya magunia ya mbegu.

"Umezificha?"

"Nimezihifadhi," Kiyoharu akasema. "Huko hakugandi."

"Skii zinaogopa kuganda tangu lini?"

"Mama Chinatsu, wewe si msichana. Wenzako wa umri wako wanacheza gofu ya bustani, wanapiga mpira, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani na miguu yao yote miwili."

"Wenzangu gani? Sadae ana hamsini na saba, na ndiye ninayekwenda naye."

"Mimi ndiye niliyekuvua gambuti siku ile," akasema, kisha akageukia televisheni. Binti yetu Chinatsu aliyeko Sapporo naye akapiga simu kunishauri ninunue baiskeli ya kukanyaga ukiwa sebuleni, uipande huku ukiangalia picha za mlima. Nilikata simu kwa heshima.

Huyo Sadae ni rafiki yangu wa miaka thelathini, anaendesha greda la kusafisha theluji barabarani, na ndiye mwenzangu wa msituni, maana msituni hakuna anayeingia peke yake. Mmoja anatangulia, anasimama, anaita "Hoi!", mwingine anaitika na kumfuata. Hiyo ni kwa sababu ya misonobari. Chini ya matawi yake theluji inaacha tundu, ukiingia humo kichwa chini hujitoi, na kadiri unavyojitahidi ndivyo inavyokufunika. Miaka kumi na moja iliyopita niliingia mimi, miguu juu, skii zinapepea kama bendera, na Sadae alikuwa ameshafika chini. Hakusikia nikiitika, akavua skii zake, akaupanda mlima kwa miguu, theluji kifuani, akanifukua kwa mikono na koleo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shoga, umeniharibia mteremko mzuri." Tunacheka mpaka leo.

Basi Sadae amechukua mapumziko Jumapili, tarehe ishirini na tano, twende upande wa kaskazini kama kila mwaka, na utabiri unasema itamwaga siku tatu mfululizo kabla yake. Alinipigia simu.

"Mguu vipi?"

"Umepona."

"Umepona kweli, au umepona wa kumwambia mumeo?"

"Umepona! Nimetembea mpaka dukani na kurudi."

"Haya. Mbona bafuni sikuoni?"

"Mafua."

Kwa sababu kila Alhamisi mimi na yeye huenda pamoja kwenye bafu la chemchemi ya moto, na mwezi huu nimekosa mara tatu. Mafua sina. Ila shavu la mguu wa kulia limenywea, limekuwa kama la mtu mwingine, na sitaki anitazame kwa huruma, si yeye.

Sasa swali langu. Je, Kiyoharu nimwambie kwamba Jumapili naondoka, au niamke kabla yake nimwachie karatasi mezani? Na kama ni karatasi, niandike nini?

Mimi,
Niliyeangushwa na Kiazi, Kutchan

*

MSHAURI RITSUKO ANAJIBU

Dada yangu Uliyeangushwa na Kiazi,

Pole kwa mguu, na pole zaidi kwa ulivyoumia. Mimi mwenyewe nilivunja kidole cha mguu nikikimbilia simu, nikajigonga kwenye mguu wa meza, na aliyepiga alikuwa amekosea namba. Kwa hiyo sitakucheka. Nimeshacheka, nimemaliza.

Tuanze na umri ili tuumalize. Hamsini na nne si ugonjwa. Mimi nina hamsini na nane, bado naanguka mlimani kila msimu, na naanguka kwa mtindo wangu. Kiyoharu akikutajia gofu ya bustani tena, mwambie Ritsuko amesema akacheze yeye. Miezi mitano ni yako, mlipatana, na shahidi alikuwa mama mkwe. Kuhusu hilo mimi niko upande wako mpaka mwisho.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Buti la skii limetengenezwa ili kifundo kisifanye kazi. Ndiyo maana maumivu yalikatika. Hukupona ghalani, mama. Ulijifunga plasta nyingine, hii ina vifungo vinne, ukaenda nayo kununua tofu. Kila mguu ni mzima ndani ya buti! Wa kwangu, wa kwako, hata wa meza iliyonivunja kidole. Nataka kusikia habari za mguu wako ukiwa mtupu juu ya mkeka, na hizo umenipa kwa haraka haraka: unachoma, unavimba, unashuka ngazi kama kaa. Umeandika mwenyewe. Soma barua yako.

Halafu umeniuliza swali la karatasi ya mume. Kiyoharu Jumapili atakuwa pembeni ya jiko lake la mafuta, hakuna kitakachompata. Anayeingia msituni na wewe ni Sadae. Katika watu wote wa Kutchan ambao ungeweza kuwadanganya, ukamchagua huyo, na ukamdanganya kwa simu, kwa kuwa bafuni usingeweza.

Kile kisa chako cha kuzama chini ya msonobari umenisimulia kama kichekesho. Nimekisoma mara mbili. Sasa kigeuze. Sadae ndiye yuko shimoni, kichwa chini. Wewe uko mita ishirini chini yake. Umeita "Hoi!" na hakuna aliyeitika. Una dakika chache, vua skii, panda! Theluji iko kifuani, kila hatua unazama, na kila hatua unajisukuma kwa ncha ya mguu. Mguu upi? Ule unaouficha? Buti linakuteremsha, dada yangu, lakini halikupandishi. Huko msituni mguu wako una watu wawili wanaoutegemea, na mmoja wao hajaambiwa.

Kwa hiyo Alhamisi hii mafua yako yamepona. Nenda bafuni. Vua kila kitu kama siku zote, mwonyeshe kovu, mwonyeshe hilo shavu, na umwambie, "Nilikudanganya." Atakutukana. Mtu anayeendesha greda bila shaka ana akiba nzuri ya matusi, pokea yote. Hiyo si huruma, na kama ni huruma uliyoiogopa, utaona mwenyewe ulikuwa umeogopa bure.

Mkitoka majini, kwenye sakafu kavu ya chumba cha kuvalia, simama kwa mguu wa kulia peke yake, umshike Sadae bega, ujinyanyue kwa vidole. Ahesabu yeye, maana wewe huaminiki. Ukifika ishirini bila kutetemeka, mna jambo la kuzungumza. Ukiishia saba, ambayo ndiyo dau langu, Jumapili msituni huingii, na yeye asiende kumtafuta mwenzake mwingine wala asikae nyumbani kukulilia. Kakae naye mkahawani chini ya mlima, mle tambi za rameni, mkiwatukana wanaoteremka.

Kesho yake mpigie simu daktari. Safari hii usimwitikie "Ndiyo, daktari." Mwambie ukweli mzima: unataka msitu, unataka theluji ya kiunoni, unataka msimu huu, na umekuwa ukipika na mabuti. Muulize mfupa umeshika kiasi gani na akupe mtu wa kukufundisha mazoezi ya mguu. Akikubali uanze, utaanza kwenye mteremko uliolainishwa, ule mpana wa chini kabisa, saa moja tu, kisha urudi nyumbani uone jioni mguu unasema nini. Watoto wa chekechea watakupita. Mimi wamenipita, na mmoja alinipungia mkono. Hakuna aliyekufa.

Nyumbani mabuti yarudi ghalani. Tembea peku. Simama mguu mmoja ukipiga mswaki, badilisha, simama tena. Jinyanyue kwa vidole asubuhi na jioni mpaka shavu hilo lirudi kuwa lako.

Na Kiyoharu? Hakuna karatasi. Aliyekufichia skii kakosea, na azirudishe mahali pake kwa mikono yake. Lakini katika maneno yake yote moja tu ndilo lilikuwa la kweli, nawe ukalipita kama mti. Ni yeye aliyekuvua gambuti. Wewe ulikuwa unapiga kelele, yeye alikuwa anatazama mguu uliogeukia usikotakiwa. Kaa naye, zima televisheni, umuulize siku ile aliona nini. Usimwombe ruhusa. Muulize tu, kisha unyamaze, najua ni kazi ngumu kwa mkulima wakati wa baridi.

Sikudanganyi, huenda Januari hii ikakupita. Utasimama dirishani uione inamwaga, utailaani, utanilaani na mimi. Ruksa. Lakini huu si ugomvi wako na umri, wala na mume, wala na daktari. Ni suala la mtu atakayekuwa nyuma yako kati ya miti, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni yeye. Sadae akisema bado, ni bado, hata mbingu zimwage mita mbili. Na siku atakayosema twende, usimuulize Kiyoharu, usimuulize Chinatsu, wala usiniandikie mimi.

Nenda.