Kizunguzungu Nilichokuambia Wewe Tu

3 Mei

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, ni mzima, ila hilo la uzima nitalirudia. Baba yako anakusalimu, kifua kimetulia na ubishi umerudi. Kaka yako fundi bomba anakusalimu, na mkewe, na mapacha wao ambao sasa wanatembea, hakuna sufuria iliyobaki mahali pake. Shangazi yako anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Mimi nimefikisha tu. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, anasema kama gauni limekubana usimlaumu yeye, umenenepa mwenyewe.

Asante kwa viatu, vimenikaa kama nilizaliwa navyo. Asante pia kwa hizo dawa za presha mnazotengeneza hapo kiwandani kwenu. Kila nikifungua boksi naona kama mkono wako umepita humo.

Sasa mwanangu, nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya hapa nyumbani baba yako huiweka sauti ya juu, kila mtu anakuwa mjumbe wa kikao. Tangu nifungue boksi jipya la zile dawa, nikisimama dunia inazunguka. Juzi nilishika kamba ya nguo nisianguke, nikaenda chini nayo na nguo zote. Nikamwambia baba yako imekatika yenyewe. Nakuambia wewe tu, maana wewe ndiye wa dawa. Usimwambie mtu, wakijua watanikalisha kwenye kiti kama mgeni. Labda ni umri.

Nijibu.

Mama yako


19 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hapa wote hawajambo, na wote wanajua.

Uliponipigia baba yako hayupo, ukaniambia niache lile boksi, niende nalo hospitali siku hiyohiyo, nilitii. Presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi, daktari akanibadilishia dawa. Mpaka hapo nakushukuru, na ningeishia kukushukuru. Lakini Jumatatu simu ikalia, baba yako akaipokea na ile sauti yake ya juu. Mwanaume mpole, anasema anapiga kutoka kiwandani kwenu. "Mama, tumepata taarifa yako. Ulianguka? Ulitapika? Choo unapata vizuri?" Choo, mwanangu, mbele ya mkwe wangu. Shangazi yako akasema, "Kumbe kamba ilikatika yenyewe." Wakacheka. Baba yako hakucheka. Alitoka nje akakaa huko mpaka giza likaingia.

Nilikuambia kama mtoto wangu, wewe ukanipeleka ofisini kama faili. Sijakasirika, nina uchungu tu. Siku nyingine nikiumwa sijui kama nitakuambia.

Kula vizuri.

Mama yako


2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo mama. Shikamoo baba. Kaka na wifi wasalimie, mapacha wapakate kwa niaba yangu. Shangazi mwambie bado natafuta.

Naomba unisamehe. Nilipaswa kukuambia kwanza. Lakini kuandika kwenyewe, mama, nisingeweza kuacha. Sisi tunaotengeneza dawa, yeyote akituambia dawa yetu imemdhuru, awe mtu wa kwenye foleni au mzazi, taarifa lazima ifike ofisini siku hiyo au kesho yake. Nilipomaliza kuandika ya kwako nilikwenda kulia chooni.

Ilikuwa ya kwanza. Kisha zikaja nyingine, za toleo hilohilo, yaani dawa zilizotengenezwa pamoja na zako. Vidonge vya maboksi yale vina nguvu kuliko ilivyoandikwa. Tumewaambia wakaguzi wa dawa na tumeanza kuyakusanya. Keshokutwa wakaguzi wanatuhoji, na baada yao waandishi wa habari. Mimi ndiye ninayepokea taarifa za wagonjwa, kwa hiyo nami nitajibu.

Wametuletea mwalimu wa kutufanyisha mazoezi ya kuhojiwa, mama mmoja aliyekuwa mtangazaji. Mara anajifanya mkaguzi, mara mwandishi, anapiga meza. Bosi wetu alijibu, "Imejitokeza changamoto ndogo." Mwalimu akamwambia, "Kamwambie hivyo aliyeanguka." Bosi akanywa maji. Ilipofika zamu yangu akaniuliza, "Wewe ungempa mama yako dawa hii?" Nikasema, "Ameshakunywa." Mwalimu akaja kukaa karibu yangu, akasema taratibu, "Siku yenyewe usiseme ni nani. Si kwa kuficha. Mgonjwa hatajwi jina, hata akiwa mama yako. Unachojua kiseme, usichojua sema hujui, na waambie watu wafanye nini leo."

Ninaogopa, mama. Lakini ninakushukuru kwa kuniambia. Ungenyamaza, sijui wangapi wangeanguka kabla hatujajua.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu, na ndiye aliyesema nianze naye. Wengine wote wazima, wanakusalimu kwa vifua mbele utadhani ni wao walioongea redioni.

Tulikusikia. Baba yako aliikalia redio tangu asubuhi kama vile ingemkimbia. Shangazi yako alinyamaza, hilo peke yake ni la kushukuru. Yule mwandishi alivyokuwa anakukatiza nilitamani niwe karibu naye. "Mlijua lini?" Ukataja siku. "Mbona hamkujua kabla haijatoka kiwandani?" Ukasema, "Hilo bado hatujui. Tukijua tutarudi kuwaambia." Hukujiumauma. Kisha ukasema kulikuwa na mgonjwa, mama mtu mzima, alipata kizunguzungu akasema, na kwa kuwa alisema ndipo mkaanza kutafuta. Baba yako akanigusa bega. "Ni wewe huyo." Baadaye akaniambia kwamba siku ile alitoka nje kwa aibu, mke anaanguka uani na yeye yumo ndani hajui.

Ulipowaambia watu wasome namba kwenye boksi, wairudishe dawa walikoichukua na wapewe nyingine, fundi cherehani akatoka kwake na boksi mkononi. Namba ileile. Amekuwa akisinzia juu ya cherehani mchana kweupe, sisi tunamtania uzee. Kumbe. Jana alikuja akakaa kwangu, akanishika mkono, hakusema neno. Yule, na mdomo wake wote.

Uchungu umekwisha, mwanangu. Asante kwa kuandika. Na yule mwanaume wa choo mfikishie shukrani, kumbe alikuwa kazini.

Sasa hii dawa mpya. Si ya kwenu, lakini nitamwambia nani kama si wewe? Inaniletea kikohozi kikavu. Nimemweleza muuguzi, amesema nirudi nikizidiwa. Nimeona na wewe ujue. Andika unakoandika. Anayetaka kuniuliza apige jioni, nitapokea mwenyewe, nimjibu yote. Nawe usikawie, hata mistari miwili, niambie kama umelala na kama umekula.

Mama yako