Mama Anaanzisha

9 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Pokea salamu, nyingi kuliko zile unazonitumia. U mzima? Unakula, au unashindia chai huko juu ya kreni yako? Sisi hatujambo, ila mimi koo.

Nakuandikia kwa sababu simu inanishinda. Sauti imekuwa ya jogoo aliyenyeshewa, ukiisikia utalia bure. Daktari amesema uvimbe ni mbaya, na umekaa pale pale sauti inapotokea. Watatoa kila kitu. Nitapumulia tundu hapa shingoni, na sitasema tena wala kuimba. Nisipokubali, sitamaliza mwaka. Nimekubali, wananipasua tarehe ishirini.

Niombee, baba. Usiombe nipone tu. Omba nisije nikamnunia Mungu. Naliogopa hilo kuliko kisu.

Mama yako


14 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ipo, jengo limefika ghorofa ya kumi na moja. Barua yako niliisomea kibandani juu ya kreni, nikakaa saa nzima bila kuweza kushuka. Nimeomba ruhusa ya kuja, msimamizi amekataa mpaka zege limwagwe.

Mama, miaka thelathini na nane unaanzisha nyimbo kanisani. Harusi ni wewe, msiba ni wewe. Hata umeme ukikatika katikati ya ibada, watu wote wanageuka kukutazama. Wasengenyaji wa mtaa mzima wameachiwa sauti zao, yako ndiyo inachukuliwa! Kama huu ni mtihani, aliyeutunga hana huruma.

Nisamehe, sitaomba. Jana nilipiga magoti, maneno yakanikwama, nikalala.

Mwanao


2 Mei

Mama,

Shikamoo tena. Hali yako? Kidonda kimefunga?

Dada amenipigia. Anasema umetoka hospitali, unakunywa uji, lakini kanisani hukanyagi. Daftari alilokununulia la kuandikia maneno hujaligusa. Barua yangu ndiyo imekuvunja moyo? Niliandika kwa hasira. Usinifuate mimi, Mama. Nilipokuwa sijui kuomba nilijifunza kwa kukuangalia wewe. Ukiacha, nitamwangalia nani?

Andika hata neno moja.

Mwanao


29 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Umeanza kula? Mimi naendelea. Nikikohoa tundu langu linapiga filimbi, na wajukuu wananiomba nirudie.

Ndiyo, nilinuna. Wiki tisa. Sikumtukana, sikumwomba, nilimpa mgongo tu, kama mke aliyeudhiwa. Na kila asubuhi nilijikuta bado najua yupo nyuma yangu. Mtu hamnunii asiyekuwepo.

Jumapili nikamwandikia dada yako: nipeleke. Nilikaa benchi la nyuma, kitambaa shingoni. Nikamwambia Mungu moyoni, nimekuja mikono mitupu, kile nilichokuwa nakupa unacho mwenyewe.

Sasa sikia kosa langu. Baada ya mahubiri, pale ninapoanzisha wimbo siku zote, miguu ikasimama yenyewe. Mazoea yana taabu! Nikainua mkono, nikafungua kinywa, nikaanzisha ule wimbo wa marehemu bibi yako, ambao hatujauimba tangu tumzike. Ikatoka hewa tu shingoni, fyuu. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kukaa.

Wakaitikia.

Kanisa zima, mwanangu. Bila kinanda, bila kuambiwa, kwa wakati wake, na wimbo ni ule ule. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshatangaza mwingine kabisa. Nikatoa mstari wa pili kwa hewa ile ile, wakaitikia. Beti zote nne. Tulipofika wa mwisho dada yako alikuwa amenishika kiuno.

Tulipotoka nikamwandikia mwalimu: mmejuaje? Akasoma, akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Si umeanzisha mwenyewe, Mama?"

Wewe uliyesomea mitambo, nieleze. Mimi nimeshindwa, na moyo umejaa hofu nzuri ambayo sijapata kuwa nayo maishani. Siku hizi hata nikipika peke yangu najitengeneza kanga, kwa kuwa najua nina Mgeni.

Sauti hajanirudishia. Naililia bado, hasa asubuhi. Naililia nikiwa nimemgeukia.

Mama yako


11 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne, na mitambo haikunisaidia.

Unaijua sauti yangu. Wewe mwenyewe ulinitoa kwaya ya watoto, ukasema nisaidie kupanga viti. Leo saa tano asubuhi, wenzangu walipokuwa chini wakifunga mzigo wa nondo, nilianzisha ule wimbo wa bibi. Niko peke yangu, mita hamsini juu. Miezi mitatu sijamwambia Mungu neno.

Nilitoa mstari wa kwanza kwa nguvu zangu zote. Fundi wa chini akapunga mikono kuuliza kama kreni ina hitilafu, nikamwonyesha dole gumba kwamba kuko salama. Kisha nikanyamaza pale mnapoitikia, nikangoja kwa kipimo kile kile cha kanisani.

Hakuna aliyeitikia, Mama. Ulikuwa upepo tu.

Nikatoa mstari wa pili.

Kitindamimba wako