Kimya Juu ya Bati

Jumamosi, 4 Januari
Shule imekwisha, na leo maisha yangu yamepangwa kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Mpangaji ni Shangazi. Nyumba hii ya mbao aliyotuachia Babu, hapa mlimani kando ya ziwa, itabomolewa mwisho wa mwaka. Itajengwa ya ghorofa, ya kulaza wageni. Na mimi nitakaa mapokezi. Mimi! Ambaye mgeni akipiga hodi najificha jikoni. Shangazi anasema nitachangamka huko huko kazini.

Akauliza kama kuna mwenye neno. Baba akatazama kikombe chake. Mama akamtazama Baba. Mimi nikatazama ziwa.

"Basi tumekubaliana," akasema Shangazi.

Kwetu asiyesema amekubali. Ndivyo nilivyokubali gauni la njano, kozi ya kompyuta, na kuitwa Kimya.

Jumapili, 12 Januari
Baba na Shangazi wamerudi mjini. Mama na mimi tumebaki kulinda nyumba, mbao zisije zikaibwa kabla ya kubomolewa. Yaani tunakilinda kitu ili kivunjwe vizuri.

Leo nimesoma kitabu kwa sauti kwenye gati letu la mbao, pale ziwani. Mlima wa ng'ambo unanijibu. Mjini sauti hiyohiyo haitoki hata kudai chenji.

Jumatano, 16 Aprili
Masika. Paa linavuja kila chumba. Tumekula mkate mkavu maana sufuria zote ziko sakafuni zinakinga maji. Mama anasema tuvumilie tu, si itabomolewa?

Nikapanda paani. Nimeziba matundu kwa lami na vipande vya turubai, nikisogea kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mama ameshika ngazi huku chini anasali sala zote anazozijua, na nyingine nadhani ametunga hapo hapo. Ukiwa juu unaliona ziwa lote, na ukungu ukiteremka polepole kati ya misonobari.

Jioni hakuna hata tone. Mama kazunguka vyumba vyote kugusa dari. Katabasamu, nimemwona.

Jumapili, 13 Julai
Kipupwe. Nyasi zinakuwa nyeupe asubuhi, maji ya ndoo yana ngozi ya barafu. Wamekuja wote kwa mapumziko.

Leo nimesema. Wiki nzima nimefanya mazoezi ufukweni. Wakati wa chakula nikasimama, meza nimeishika, nikasema sitaki nyumba ibomolewe na sitaki kukaa mapokezi.

Kisha Shangazi akapiga makofi.

"Jamani, ameongea!"

Baba akacheka mpaka machozi, akanibusu kwenye paji la uso. Shangazi akasema si aliwaambia, mtoto anachangamka, na sauti yenyewe laini, ya mapokezi kabisa. Halafu wakaendelea na viazi.

Hakuna aliyesikia nilichosema. Wamesikia tu kwamba nimesema! Mama alikuwa anafuta meza, mahali ambapo palikuwa pakavu.

Nimelia chooni. Nimemaliza. Silii tena kwa ajili ya hili.

Alhamisi, 18 Septemba
Jua kali. Ziwa limerudi nyuma, gati limebaki na miguu mitupu kwenye tope. Shangazi kapiga simu: mafundi watakuja vuli ikianza, tufungashe vyombo.

Mama kafungasha sahani. Nimezirudisha kabatini. Kafungasha tena. Nimerudisha tena. Hatusemezani, tunapishana tu mlangoni na sahani. Mwishowe akakaa juu ya boksi.

"We mtoto una nini?"

"Nimekataa."

"Umekataa nini?"

"Nimekataa tu, Mama. Nikianza kutaja tutakesha hapa."

Sahani ziko kabatini mpaka sasa.

Jumatatu, 3 Novemba
Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya bati.

Lori la mafundi limefika asubuhi. Nilipolisikia likipanda kilima nilitoka, nikapanda paani, nikaivuta ngazi juu. Sikupanga. Mikono ndiyo iliyopanga.

Fundi mkuu, mzee wa kitambi na kofia, aliniuliza kwa upole nitashuka saa ngapi. Nikamwambia sishuki. Akajikuna shingo, akawageukia wenzake.

"Mimi nimeitwa kung'oa bati," akasema. "Sikuitwa kung'oa mtoto wa watu."

Sasa wamekaa kando ya lori wanakunywa chai. Wana ngazi yao wenyewe, naiona. Hajaigusa mtu.

Shangazi amefika. Visigino vya viatu vyake vinazama kwenye tope, kila hatua anaving'oa. Anasema naidhalilisha familia mbele ya mafundi. Anasema Baba kashapigiwa simu, yuko njiani. Anasema tulikubaliana, tena mezani, wote tukiwepo.

"Sikukubali, Shangazi. Nilinyamaza."

Nilisema kwa sauti yangu yote, mafundi wakageuka. Safari hii hakupiga makofi. Akamgeukia Mama.

"Wifi, mteremshe mwanao."

Mvua imeanza kunyunya, karatasi inalowa. Bati linateleza. Mama amekuja mpaka ukutani, ameinua uso, maji yanamwingia machoni. Ameniambia niishushe ngazi. Nimemwambia, Mama, nikishuka tu hawa wanaanza.

"Nani kakwambia ushuke?" akasema. "Shusha ngazi."

Anavua viatu.